Kitanzi Kilichobaki

Sindano alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa kiwandani, na iliyobaki alirudi nayo nyumbani. Aliwadharau watu wa ofisini kwa sababu helmeti zao hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliwadharau waendesha mashine kwa sababu kazi yao ilikuwa kubonyeza vitufe na kulalamikia joto. Aliwadharau walinzi, wapishi wa kantini, na yule daktari aliyekuja mara moja kwa mwezi kuwaambia watu wanywe maji. Lakini dharau yake nzito, ile ya kuvaliwa siku kubwa, alikuwa amemtengea mkwewe.

Mkwe huyu alimwoa binti yake wa pekee miaka minne nyuma, na mwaka huohuo akaajiriwa kiwanda hichohicho, idara hiyohiyo, akiwa na cheti cha ufundi ndani ya mfuko wa nailoni. Siku ya kwanza alikitoa kwa mikono miwili akamwonyesha baba mkwe. Sindano alikisoma mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma.

"Huku mbona hakuna kitu?"

"Nyuma huwa hapaandikwi, baba."

"Ahaa. Kumbe umesoma upande mmoja tu."

Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kilimwita Cheti. Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo.

Sindano naye jina lake halikutoka hewani. Shule aliiacha darasa la sita, baada ya mwalimu kumwambia kwamba kichwa chake kingefaa zaidi kubebea mizigo. Akatafuta kazi isiyouliza habari za kichwa, akapata inayotaka vidole. Miaka ishirini na saba sasa alikuwa akiunganisha mikanda ya mashine ya karatasi. Mtu asiyejua akisikia mkanda hufikiria wa suruali. Mkanda huu upana wake ni mita sita, na urefu wake ungeizunguka nyumba ya mtu pamoja na choo cha nje. Umefumwa kwa nyuzi ngumu, unene wake kama soli ya ndala iliyochakaa, na kazi yake ni kuibana karatasi mbichi juu ya mapipa ya chuma yaliyojaa mvuke mpaka ikauke. Huletwa ukiwa wazi, una ncha mbili, kwa sababu hakuna njia ya kuuingiza kwenye mashine ukiwa umeshafungwa. Unapitishwa kati ya mapipa, ncha zinaletwa pamoja, halafu anaitwa Sindano.

Kila ncha ina vitanzi vidogo vilivyojipanga kama meno ya zipu, elfu nne na ushee. Kitanzi cha ncha hii lazima kikae kati ya viwili vya ncha ile, kimoja baada ya kingine, na waya upite ndani ya vyote kuanzia ukingo hadi ukingo, kama pini ya bawaba ya mlango. Ukiruka kitanzi kimoja tu, kinasimama peke yake juu ya mkanda. Kitasuguliwa na chuma cha moto, kitakatika, kitamvuta jirani yake, na siku moja mkanda wote utafunguka mashine ikiwa kwenye mwendo. Sindano alishaona mara moja mkanda wa fundi mwingine ukifunguka hivyo. Ulipiga kama mjeledi, ukabomoa kibanda cha mwendesha mashine. Mwenyewe alikuwa ameenda chooni.

"Ndiyo mara ya pekee," Sindano alipenda kusema, "niliyomwona mwendesha mashine akitumia akili."

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, mashine ilikuwa imezimwa. Mapipa yalikuwa bado yanapumua joto. Mkanda mpya ulishapitishwa, na ncha zake mbili zilikuwa zimevutwa kwa winchi mpaka zikabakiza nafasi ya kiganja. Meneja wa uzalishaji akaja akiwa na saa mbili, moja kwenye mkono na nyingine ya kushika, ya kupimia muda wa kazi. Huyu ndiye aliyeitwa Bwana Dakika. Kwa umri angeweza kumwita Sindano mjomba, lakini alimwita "mzee", kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa gari linalosubiri kuuzwa.

"Mzee, mshono uliopita ulichukua muda gani?"

"Ulichukua muda wake."

"Masaa sita. Zamani ulikuwa unamaliza kwa manne." Bwana Dakika akafungua daftari, ingawa hakulisoma. "Sasa leo nimeshaahidi kule juu kwamba adhuhuri karatasi inatoka. Kwa hiyo mtaanza wawili. Wewe ukingo wa mota, Cheti ukingo wa pili, mkutane katikati. Nusu ya muda. Hesabu rahisi."

Sindano alicheka kwa pua. "Mshono unaanza ukingo wa mota, unaishia ukingo wa pili. Waya mmoja, mkono mmoja. Mkianza huku na huku, kitanzi kikibaki katikati utamkamata nani?"

"Kwa nini kibaki? Hamjui kuhesabu?"

"Wewe uliwahi kuhesabu elfu nne umelala kifudifudi juu ya pipa la moto?"

"Mzee." Bwana Dakika alifunga daftari. "Stoo wanataka mtu. Kuna kiti, kuna feni. Leo ukinigomea, Jumatatu utakalia kiti hicho, na mishono ataongoza Cheti. Sikutishi. Nakupangia."

Hapo alimshika pabaya. Katika watu wote aliowadharau, hakuna aliyewadharau kama watu wa stoo, wanaume wazima wanaofungia misumari kwa kufuli halafu wanauliza wewe unaitaka ya nini. Mtu akiingia stoo, hakuna anayemwita tena kwa kazi. Anaitwa kwa ufunguo. Jibu sahihi Sindano alilijua, lilikuwa "hapana", na kwa miaka ishirini na saba neno hilo halikuwahi kumkwama kooni. Leo lilikwama. Akachukua waya.

Tena kilichomchelewesha alikijua. Mwaka mzima sasa vitanzi vilikuwa vinamchezea machoni, viwili vikawa kimoja, kimoja kikawa ukungu. Binti yake alimnunulia miwani, naye akaitupa kwenye droo, kati ya tochi mbovu na funguo zisizo na mlango. Alipokuwa anafunga ovaroli vifungo, Cheti akamsogelea, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya akiingia sebuleni kwa wakwe.

"Baba, mama watoto kanipa hii nikuletee." Ilikuwa ile miwani, imefungwa kwenye leso.

"Mrudishie. Mwambie baba yake bado anamwona mumewe, kwa bahati mbaya."

Cheti akairudisha mfukoni.

Wakapanda. Kila mmoja alilala juu ya mbao zilizowekwa kwenye fremu, Sindano ukingo wa mota, Cheti ng'ambo, mita sita kati yao. Taa moja ilining'inia katikati na nyingine ilikuwa ya kuhamisha. Sindano aliviweka vitanzi vya kwanza kwa ncha za vidole, akasukuma waya, akaweka vingine, akasukuma. Mikono ilikuwa inajua njia. Kichwa kilikuwa stoo, kimekalia kile kiti, kinapepewa na ile feni.

Baada ya nusu saa akaanza kuchangamka, na yeye akichangamka hutukana.

"Cheti! Umefika wapi?"

"Nakuja, baba."

"Unakuja kama maji ya bomba. Mbona unashika waya kama mswaki?"

"Nimezoea hivi, baba."

"Na meno yako yako salama?"

Mwendesha mashine, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa amekaa chini akisubiri mashine yake iwake. Akacheka mpaka taulo likaanguka. Sindano hakucheka naye. Kuchekewa na mwendesha mashine hakukuwa sifa.

Saa nne alishuka kunywa maji, akarudi. Saa tano na nusu nyaya mbili zikakutana. Sindano akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa mkanda, kisha akaanza kutabasamu. Kati ya ncha ya waya wake na ncha ya waya wa Cheti, kwenye ncha ya juu ya mkanda, palibaki kitanzi kimoja. Chini yake hakikuwa na mwenzake.

"Njooni!" aliita. "Njooni nyote muone elimu!"

Wakaja. Mwenye taulo akapanda ngazi akihema, na mafundi wa umeme wawili waliokuwa hawana kazi nao wakapanda. Sindano akakionyesha kile kitanzi kwa ncha ya koleo, kama mwalimu na ubao.

"Haya, Cheti, tufundishe. Kule chuoni kitanzi kikibaki kinafanywa nini? Kinaandikiwa barua?"

"Kinapewa cheti," alisema mwenye taulo.

Watu wakaangua kicheko. Cheti alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, anatazama mikono yake.

"Samahani, baba."

"Samahani huwezi kuipitisha kwenye kitanzi. Nilisema ukingo mmoja. Mimi si msomi, lakini nilisema."

Bwana Dakika akafika, saa ya kushika ikiwa imemtangulia mbele. Akaelezwa. Akachungulia.

"Kimoja? Kati ya elfu nne? Kibaneni hapo na jirani yake, washeni mashine."

Sindano alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga kabla hajakifuta kwenye kiatu. "Hiki kimebaki hapa kwa sababu kuna kingine kimerukwa mahali. Hiki naweza kukibana. Hicho kingine nitakibania wapi?"

"Si kiko upande wa Cheti? Ndivyo ulivyosema."

"Ndiyo. Nakwenda kumwonyesha kilipo."

Kitanzi kilichorukwa hakitafutwi kwa macho. Kinatafutwa kwa ukucha. Unauburuta ukucha wa dole gumba juu ya mshono polepole, nao unateleza, na penye kitanzi kilichosimama unakwama. Sindano akaanzia katikati kuelekea ukingo wa Cheti. Watu wakamfuata kwa macho. Ukucha uliteleza. Mita moja, ukateleza. Mita mbili. Kijana alikuwa ameviweka vitanzi sawasawa, kimoja hakikumzidi mwenzake hata kwa unywele. Ukucha ukafika ukingoni, ukadondoka nje.

Akarudi nao, polepole zaidi. Hakuna kitu. Ulikuwa mshono mzuri, na Sindano aliuchukia kama mtu anavyochukia picha yake ya zamani.

Watu wakaanza kuchoka. Mafundi wa umeme wakashuka. Kilichobaki kukaguliwa kilikuwa nusu yake mwenyewe, nayo aliianza kwa kujionyesha tu, ili asionekane ameiacha. Mita moja. Mita mbili. Shibiri mbili kabla ya ukingo wa mota, ukucha ukakwama.

Akaurudisha, akaupeleka. Ukakwama palepale. Kitanzi kimoja, kimesimama kama jino bovu. Kilikuwa katika vile vya mwanzo kabisa, vya wakati ule kichwa chake kilipokuwa kimekalia kiti cha stoo.

Akaweka kiganja juu yake.

Hakuna aliyeona. Mwenye taulo alikuwa anajipangusa kwapa. Bwana Dakika alikuwa anazungumza na saa yake. Koleo lilikuwa mfukoni. Angekikata kitanzi hicho kwa kubonyeza mara moja, akakibana kile cha katikati, akasema amesharekebisha uzembe wa mkwe, na mkanda ungezunguka mwezi mmoja, pengine miwili. Jumatatu angekuwa Sindano kama kawaida. Yote yalimpitia kichwani haraka, tena kwa mpangilio, na alishangaa jinsi yalivyokuwa yamejipanga. Kumbe mtu anaweza kuwa mshenzi bila hata kujiandaa.

Akainua kichwa. Cheti alikuwa anamtazama. Hakutazama kiganja. Alimtazama usoni, na macho yao yalipokutana akayashusha chini haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

"Njoo hapa," Sindano alisema kwa sauti ya chini.

Cheti akatambaa juu ya mbao mpaka alipo.

"Ulijua."

"Baba..."

"Tangu lini?"

"Uliposhuka kunywa maji. Nilikuja huku kuchukua taa, nikakiona."

"Saa nne. Ukanyamaza saa nzima na nusu, na nilivyokutukana ukanyamaza."

"Ningesemaje, baba? Mbele za watu? Wewe ni mzazi wangu." Cheti alizungumza na ubao. "Nikaona bora waseme ni mimi. Mimi watanisamehe. Wewe wangekupeleka stoo. Baadaye, wakishaondoka, ningekuja nikifungue nikiweke vizuri."

"Mashine ikishawaka?"

Cheti akainamisha kichwa zaidi.

Sindano alihisi masikio yanawaka. Kwa hiyo alikuwa amestahiwa. Alikuwa amefunikwa shuka kama mgonjwa, na aliyemfunika ni huyu wa mswaki. Alitafuta dharau yake akaikuta palepale ilipokuwa, ila safari hii kwanza ilimtazama yeye mwenyewe, ikamkagua juu hadi chini, haikuona cha maana. Ilipomaliza naye ndipo ikamgeukia mkwe.

"Sikiliza wewe. Heshima hiyo kaifanye sebuleni kwangu. Kule usikae kabla sijakaa, usile kabla sijanawa, sawa. Hapa juu kitanzi kikirukwa unasema. Hata kama aliyekiruka ni baba mkwe. Yule mjinga wa taulo anakaa mbele ya mshono huu kila siku ya kazi, unadhani naye siku mkanda ukifunguka atakuwa chooni?"

"Nisamehe, baba."

"Sitaki msamaha. Sema ulichokiona."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Sema."

"Baba umeruka kitanzi," Cheti alinong'ona.

"Sauti!"

"Baba, umeruka kitanzi!"

Ukumbi mzima ulisikia. Mafundi wa umeme waligeuka. Mwenye taulo akafungua mdomo, akaona uso wa Sindano, akaufunga.

Bwana Dakika alipanda ngazi. "Kwa hiyo ni wewe, mzee?"

"Ni mimi. Nilijua kazi hii haifanywi hivi, nikaifanya kwa kuogopa kiti chako. Mjinga namba moja ni mimi. Namba mbili anashika saa."

"Haya, yameisha. Kikateni, washeni. Zimebaki dakika kumi na nane."

Sindano akatoa koleo. Akaubana waya wake kwenye ukingo wa mota, akaegemea nyuma kwa uzito wa mwili wote, akauvuta. Waya ukatoka wote ukilia, mita tatu, na ncha za mkanda zikaachana mbele ya macho ya Bwana Dakika. Kisha akaenda ng'ambo, akaushika waya wa Cheti. Hapo alisita kidogo.

"Wako ulikuwa mzuri," alisema, kwa shida, kama anayetema mchanga. Akauvuta nao.

"Umejimaliza, mzee," alisema Bwana Dakika. Alikuwa amesimamisha saa ya kushika, labda kwa mara ya kwanza tangu ainunue. "Jumatatu stoo."

"Kiti chenyewe kina mgongo au ni stuli?"

Bwana Dakika akashuka kwenda kupiga simu kule juu.

Sindano akachukua waya mpya, mrefu wa kutosha mita zote sita, akamwekea mkwewe mkononi. "Ukingo wa mota. Anza."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nakushikia taa. Ulifikiri naenda kulala?"

Cheti akaanza. Kila baada ya shibiri moja alisimama, na Sindano akapitisha ukucha. Ukiteleza alisema "endelea", na zaidi ya hapo hakusema jema lolote. Alisema mabega ya Cheti yamepinda kama ya mtu anayeiba. Alisema anapumua kwa kelele. Kufika mita ya pili taa ilianza kumchosha macho, vitanzi vikarudi kuwa ukungu, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu.

"Lete hicho kitu cha binti yangu."

Cheti akatoa leso. Sindano akavaa miwani. Vitanzi vikasimama kila kimoja mahali pake, vyeusi, safi, kama vilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Akageuza kichwa akamwona mkwewe naye vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Akamtazama kwa makini.

"Baba?"

"Hakuna. Nilidhani labda miwani itasaidia."

Chini, mwenye taulo akaita, "Profesa!" na Sindano akamwambia afunge mdomo, inzi wataingia wapate ugonjwa.

Saa tisa na robo kitanzi cha mwisho cha ncha ya juu kilikuta cha mwisho cha ncha ya chini, ukingoni, hakuna kilichobaki. Wakashuka. Mvuke ukafunguliwa, mwenye taulo akabonyeza vitufe vyake, mkanda ukaanza kuzunguka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Mshono mbovu hugonga kila unapopita kwenye pipa. Walisimama wawili, vichwa vimeinama, wakiusikiliza. Haukugonga.

Sindano akavua miwani, akaiweka mfukoni mwake, si mfukoni mwa Cheti. Akakusanya koleo, nyaya na mkebe wake wa vifaa. Mkebe akauangalia kidogo, kisha akausukuma kwa mguu mpaka ukagusa kiatu cha mkwewe. Akaelekea mlangoni.

Bwana Dakika alikuwa anarudi na daftari. Alimpita bila salamu, akasimama mbele ya Cheti.

"Masaa matatu na robo yamepotea. Sasa wewe ndiye mkuu wa mishono, nisikilize. Mara ijayo mtaanza pande zote mbili kama leo, ila nitakutafutia mtu mwenye macho. Sawa?"

Cheti alitazama daftari, akatazama mkebe miguuni pake. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Hapana, bosi," alisema, na sauti yake ilikaribia kumezwa na mapipa. "Ukingo mmoja. Ukingo wa mota."

"Unasemaje?"

Sindano alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo. Hakugeuka.

"Sauti!" akafoka.